"Angalizo" si jina la mvua ndogo

"Ni angalizo tu, siyo tahadhari." Kila masika sentensi hii inazunguka Arusha na Moshi, kwenye daladala, sokoni Kilombero, kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, na wanaoisema mara nyingi ni watu wanaofuatilia habari vizuri kabisa. Neno linalonisumbua ni hilo "tu".

Maana yenyewe haina mzunguko. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikiona kwamba ndani ya siku tano zijazo kuna mvua kubwa, upepo mkali au mawimbi makubwa, hutoa taarifa yenye ramani ya rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Penye kijani hakuna tahadhari.

Shida inaanza pale rangi inaposomwa kama kipimo cha wingi wa mvua: njano manyunyu, chungwa mvua ya kawaida, nyekundu gharika. Sivyo kabisa. Mvua kubwa kwa hesabu za TMA ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na angalizo la mvua kubwa linazungumzia mvua hiyo hiyo. Milimita 50 ni lita 50 kwenye kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye bati la mita kumi kwa kumi inamwaga lita 5,000, yaani tangi zima kubwa la uani, kutoka paa moja. Zidisha kwa mapaa yote ya mtaa kama Sakina, Arusha, halafu jiulize maji hayo yanakwenda wapi.

Rangi inatokana na maswali mawili yaliyowekwa pamoja. La kwanza: kuna uwezekano gani jambo hili litokee? La pili: likitokea, litaleta athari gani kwa watu, makazi, barabara na shughuli zao? Majibu yote mawili huandikwa chini ya ramani, kwa maneno kama mdogo, wastani au mkubwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa mwongozo wa utabiri wa namna hii mwaka 2015, baada ya kuonekana kwamba kumwambia mtu milimita peke yake hakumsaidii kuamua kama avuke korongo au asivuke.

Kwa hiyo rangi moja inaweza kufikiwa kwa njia mbili. Kuna njano ya jambo linaloelekea sana kutokea lakini madhara yake si makubwa. Na kuna njano ya jambo lenye uwezekano mdogo ambalo likitokea litaumiza watu. Hizi mbili hazidai maandalizi ya aina moja, na anayeishia kwenye rangi hawezi kuzitofautisha. Ndiyo maana "angalizo tu" inanikera: inafuta swali la pili lote.

Athari nayo inategemea ardhi. Milimita 50 za mwanzoni mwa Machi, udongo ukiwa mkavu, si sawa na milimita 50 za mwishoni mwa Aprili, ardhi ikiwa imeshashiba. Moshi wanalijua hili kuliko wengi: mvua inanyesha juu, Uru au Old Moshi, na mtu wa chini kando ya mto Rau anapokea maji bila hata tone kudondoka kwake. Arusha tuna makorongo yanayoonekana makavu asubuhi na mchana hayavukiki. Aprili 2024, kule Muriet, gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo na watoto wakapoteza maisha. Na Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, kilichoua watu wengi ni tope, mawe na magogo yaliyoporomoka kutoka mlima Hanang baada ya mvua kulainisha miamba dhaifu ya mlimani. Ukipima tukio kama lile kwa milimita peke yake, hujaliona.

Kosa la upande wa pili ni la yule anayesema TMA wamedanganya kwa sababu kwake Njiro jua liliwaka. Taarifa huandikwa "maeneo machache ya mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro". Maeneo machache maana yake ni machache. Ikinyesha Usa River na Njiro isinyeshe, taarifa imetimia.

Niseme pia kuhusu zile jumbe za "tahadhari ya tetemeko kesho saa nane usiku". Hakuna taasisi popote duniani inayoweza kutabiri siku na saa ya tetemeko. Matetemeko na volkano ya Ol Doinyo Lengai hufuatiliwa na Taasisi ya Jiolojia, GST, na matetemeko ya mlima Gelai ya Julai 2007, yaliyosikika hadi Arusha mjini, hayakutanguliwa na ramani ya njano kwa sababu ramani ya namna hiyo haipo. Ujumbe wa aina hiyo ukikufikia, usiusambaze.

Ila taarifa ya TMA isambaze, na ukiisambaza usikate picha ikabaki ramani peke yake. Acha ile mistari miwili ya uwezekano na athari ionekane. Na mama wa jirani akikuuliza TMA wamesemaje, usimjibu "mvua itanyesha" wala "ni angalizo tu". Mwambie: kuna angalizo la mvua kubwa kwa maeneo machache ya mkoa wetu, uwezekano wastani, athari wastani. Ni maneno mengi kidogo, lakini ndivyo walivyosema.