Moyo umetulia? Dawa usiiache

"Daktari, siku hizi moyo haunidundi, kwa hiyo ile dawa nimeiacha." Aliyeniambia hayo majuzi nilikuwa nimemshika kifundo cha mkono, na mapigo yalikuwa yanakuja ovyo: mawili ya haraka, kimya, moja hafifu, matatu mfululizo. Yeye hahisi kitu.

Nimechoka kulisikia hili, basi nilieleze tena. Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kusukuma (kitaalamu atrial fibrillation), damu hutuama, hasa kwenye kijifuko cha upande wa kushoto, ikaganda. Donge likichomoka likapanda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi, na hatari yake ni takriban mara 5 ya asiye na tatizo hili. Ndiyo maana mnapewa dawa mbili tofauti: ya kupunguza kasi ya moyo na ya kuzuia damu kuganda. Hiyo ya pili hutaihisi ikifanya kazi hata siku moja, sasa utaipimaje kwa unavyojisikia? Hata tukiurudisha mdundo sawa kwa mshtuko wa umeme, utaimeza wiki 4 zaidi kwa uchache. Mwenye presha, kisukari, umri mkubwa au aliyewahi kupata kiharusi kwa kawaida huendelea nayo, mdundo uwe sawa usiwe sawa.

"Basi nitameza aspirini." Hapana. Kinga yake hapa ni ndogo mno, na damu inaweza kukutoka vilevile.

Warfarini, mojawapo ya dawa za kuzuia damu kuganda, haikatazi mboga za majani. Kula, ila kiasi kisipande na kushuka kila wiki, maana vitamini K iliyomo ndani yake ndiyo inayoivuruga INR, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda.

Wapo wanaodhani kila pigo la ziada lazima linyamazishwe kwa dawa. Mwaka 1989 utafiti wa CAST ulionyesha kwamba waliopona shambulio la moyo, wakapewa flekainidi au enkainidi kuzima mapigo hayo, walikufa zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dawa ya mdundo yaweza kuuharibu mdundo.

Na amiodaroni, dawa nyingine ya mdundo, hukaa mwilini miezi baada ya kuiacha, kwa hiyo mwambieni daktari hata kama mmeshaiacha. Anayeitumia apimwe tezi ya shingo na ini kila baada ya miezi 6.

Mkipima mapigo nyumbani, hesabuni dakika nzima. Sekunde 15 mara nne ni za moyo unaopiga kwa mpangilio.