Kibao cha Anwani Hakibadilishi Jina la Kijiji

Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi, ya kuzipa barabara majina na nyumba namba nchini Tanzania, ilipoanza mwaka 2022, malalamiko kuhusu majina ya vijiji hayakauki mezani kwetu. Wananchi wanafika wakiwa na uchungu kwamba fundi aliyesimika nguzo ya kibao cha anwani "amewanyang'anya jina". Hapana, na tumelieleza hili mara nyingi. Nguzo ile ni ya barabara. Jina la kijiji limo kwenye hati ya usajili.

Uchungu wenyewe tunauelewa. Vijiji vingi vilipata sura yake ya leo wakati wa Operesheni Vijiji, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekamilika ifikapo mwisho wa 1976. Wako waliohama na jina lao. Wengine walikutanishwa koo kwa koo, kila ukoo na jina lake, kijiji kikaitwa Umoja au Azimio ili asiumie mtu. Jina la zamani likabaki mahame, kwenye makaburi na miembe iliyopandwa na mababu, na hulisikii tena ila siku wazee wanapokwenda kufyeka makaburi.

Mengine yameharibiwa na kalamu. Usukumani, Ng'wa- mwanzoni mwa jina la mahali ni "kwa fulani". Makarani wakaandika Mwa-. Oldupai, jina la Kimaasai la mkonge pori, Wajerumani waliliandika Olduvai, dunia nzima ikafuata. Mzee anayetamka Ng'wa- hajakosea. Aliyekosea ni aliyeandika.

Wanaotaka jina libadilishwe wazingatie utaratibu. Hoja huanzia Halmashauri ya Kijiji, ikaenda Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, si wazee peke yao wala wenyeji wa asili peke yao. Muhtasari uliosainiwa, pamoja na orodha ya mahudhurio, hupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, ile ya Mkoa, na mwisho kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Barua ya mtu mmoja, hata awe mjukuu wa mwanzilishi, haitoshi. Tahadhari: kuweka saini za watu ambao hawakuhudhuria ni kughushi, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 7.

Tafadhali msichanganye hati ya usajili wa kijiji na cheti cha ardhi ya kijiji kinachotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ni nyaraka mbili tofauti, na kila wiki tunaletewa moja badala ya nyingine.

Muhtasari uambatane na historia ya jina: nani alilitoa, lina maana gani, hutamkwaje. Muulizeni mzee mkiwa naye mahame, chini ya mwembe wenyewe, na mwandike vile anavyotamka.