Udongo wenye seleniamu hauhakikishi mchele wenye seleniamu

"Udongo wetu umepimwa, una seleniamu ya kutosha, kwa hiyo mchele wetu nao unayo." Maneno haya kuhusu seleniamu, madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo, nayasikia kwa wenye mashamba makubwa, kwa wauza mbolea, hata kwa maofisa ugani waliosoma kemia ya udongo darasani. Nimechoka kuyasikia, kwa sababu yana gharama. Mtu analipia kipimo kisichojibu swali lake, anapanga mbolea kwa kufuata kipimo hicho, kisha anauza mchele kwa sifa ambayo haijapimwa kwenye punje hata moja.

Kipimo cha jumla hutaja seleniamu yote iliyomo udongoni. Hakisemi mmea utapata kiasi gani. Udongo mwingi duniani una chini ya miligramu 1 kwa kilo, na sehemu kubwa ya hiyo imeshikwa na oksidi za chuma na alumini, imejifunga kwenye mboji, au imo katika madini yasiyoyeyuka. Mzizi huchukua kile tu kilichoyeyuka kwenye maji ya udongo.

Anayebisha aende China. Ugonjwa wa Keshan, unaoharibu msuli wa moyo, umepewa jina la wilaya ya Keshan, Heilongjiang, ulikoripotiwa mwaka 1935, na upungufu wa seleniamu ndio sababu yake kuu. Watafiti walipolinganisha vijiji vya eneo la Zhangjiakou, mkoani Hebei, walikuta kwamba vijiji vilivyougua zaidi ndivyo vilivyokuwa na seleniamu ya jumla nyingi zaidi udongoni! Udongo wao ulikuwa na mboji nyingi, mboji ikaikamata, na iliyobaki kuyeyuka majini ilikuwa kidogo mno. Huko kipimo cha jumla kingewapa watu matumaini ya bure.

Hapa kwa majirani zetu Malawi, mahindi yaliyolimwa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa bonde la chini la mto Shire, wenye pH (kipimo cha tindikali; ikipanda, tindikali imepungua) zaidi ya 6.5, yalikutwa na seleniamu hadi mara kumi ya yale yaliyolimwa kwenye udongo wenye tindikali. Katika pH ya juu seleniamu haishikwi kwa nguvu na oksidi za chuma, hivyo mmea unaifikia.

Hayo ni mahindi, mazao ya nchi kavu. Mpunga una jambo lake, na hapo ndipo watu wanaponikatisha tamaa zaidi, maana wanachukua majedwali ya ngano na mahindi na kuyapeleka moja kwa moja kwenye majaruba, mashamba ya mpunga yanayofungiwa maji.

Udongo ukiwa na hewa ya kutosha na pH ya juu, seleniamu hukaa zaidi kama selenati, ambayo hutembea na maji na kuingia mzizini kwa njia ileile inayopitisha salfeti. Hewa ikipungua, au tindikali ikizidi, hutawala seleniti. Hii hung'ang'ania oksidi za chuma, ingawa mpunga una uwezo mzuri wa kuichukua kupitia njia za fosfeti na za silika. Sasa funga maji jarubani wiki kadhaa. Oksijeni inakwisha, vijidudu vinaanza kutumia chuma, na oksidi zake zinayeyuka. Kwa muda mfupi seleniti kidogo inaweza kuachiliwa. Maji yakiendelea kutuama, seleniamu hugeuka kuwa ya kielementi, yaani tupu, au kuungana na metali kuwa selenidi, na zote mbili haziyeyuki kirahisi. Hakuna kilichotoka shambani, ila mpunga haukifikii tena. Majaribio yaliyolinganisha mpunga wa majini na ule uliolimwa bila maji kutuama yameonyesha wa pili una seleniamu zaidi kwenye punje.

Wapo wanaonijibu kwa kunitajia Enshi, mkoani Hubei, kwenye udongo maarufu kwa seleniamu. Nawaomba waisome habari yenyewe. Kati ya 1961 na 1964, katika vijiji vitano vilivyoathirika zaidi, vyenye wakazi 248, karibu nusu waliugua kwa seleniamu kuzidi mwilini. Nywele na kucha ziling'oka. Seleniamu ilitoka kwenye makaa ya mawe ya eneo hilo, na mimea iliweza kuichukua kwa sababu wakulima walikuwa na desturi ya kuweka chokaa mashambani. Tena mlipuko ule ulikuja baada ya ukame kuharibu mpunga, watu wakalazimika kula zaidi mahindi na mboga zenye seleniamu nyingi. Hali ya udongo, chokaa na aina ya zao vyote vilihusika.

Ushauri wangu nimeurudia kila mahali: kama maji unayamudu, lowesha na kausha kwa zamu, kama wanavyofanya wa kilimo shadidi, mfumo wa kulima mpunga kwa maji machache. Chimbia bomba lenye matundu jarubani uone kina cha maji, acha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, kisha mwagilia tena. Wakati wa kuchanua usikaushe. Na kabla ya kukausha kupita kiasi, ulizia kadimiamu, metali yenye sumu: kukausha hupunguza aseniki, sumu nyingine, kwenye mchele, lakini huachilia kadimiamu. Shamba lililo jirani na mgodi au taka za viwanda linahitaji tahadhari hiyo.

Kuhusu chokaa, wengi wanadhani kwamba pH ikipanda tu, kazi imekwisha. Kwenye mahindi inasaidia. Jarubani maji yenyewe hupandisha pH ya udongo wenye tindikali kuelekea 7 ndani ya wiki chache, na bado seleniamu inafungwa kwa kukosa hewa. Samadi mbichi na mabua yaliyofukiwa muda mfupi kabla ya kufunga maji huharakisha ukosefu huo wa hewa. Vioze kwanza.

Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) nayo ina salfeti, inayogombea njia moja na selenati. Kama udongo wako hauna upungufu wa salfa, urea inatosha.

Halafu kuna wanaotaka kumwaga mbolea ya seleniamu mara moja wasahau miaka kumi. Udongo mwekundu wenye chuma utaishika sehemu kubwa. Finland ilianza kuweka selenati ya sodiamu kwenye mbolea zake katikati ya miaka ya 1980, na mpaka leo haijaacha. Kwa mpunga, kupulizia majani kuanzia unapobeba mimba hadi unapotoa masuke hutumia kiasi kidogo tu kwa hekta na hukwepa mitego yote ya udongo niliyoitaja. Lakini usipulizie kwa kukisia. Kwa viwango vya Marekani, mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 kwa siku, na kikomo cha juu ni 400, hivyo kosa la vipimo si dogo.

Mkienda maabara, ombeni pH, mboji, salfa na seleniamu inayoyeyuka majini. Pelekeni pia mchele wa msimu uliopita, uliokobolewa kama mnavyouuza, ukiwa umechanganywa kutoka majaruba yote, ya juu kwenye mfereji na ya chini yanakotuama maji.