Mkalimani wa vita ni nani khasa?

Jana barazani hapa Wete mtu kauliza, hivi mkalimani si ndo mfasiri? Hapana jamani, mfasiri anakaa na karatasi zake na kamusi, akikosea anafuta, mkalimani kazi yake mdomo, neno likishatoka limetoka. Ndo mana jina lenyewe lina asili ya kalima, yaani neno kwa Kiarabu.

Sasa mkalimani wa vita ni huyohuyo ila kasimama baina ya askari mgeni na mwenye nyumba, mara nyingi hana hata silaha. Na hapa pana jambo watu hawalioni, kikazi mkalimani hasemi "huyu anasema atawakamata", anasema "nitawakamata". Hiyo "ni" si yake lakini sauti ni yake na uso ni wake. Mie nshawahi kuwa mkalimani wa daktari mgeni hapa Pemba, habari ilikuwa mbaya, yule bi mkubwa hakumtazama daktari hata kidogo, kanitazama mie, na mpaka leo tukikutana sokoni naliona lile jicho. Na ile ni spitali, hamna bunduki.

Vita vya Iraki, askari wa Marekani alikuwa anamaliza miezi yake anarudi kwao, mkalimani kwao ndo palepale. Wengi walikuwa wanavaa maski wasijulikane, 2008 jeshi la Marekani likapiga marufuku maski Baghdad, na jioni mtu arudi mtaani kwake kama kawaida!

Na si Wazungu tu. Wanajeshi wetu walipokwenda Kongo 2013 kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa watu walidhani Kiswahili kinatosha, Goma mjini sawa, lakini ukipanda milimani Masisi unamkuta bibi anasema Kihunde tu au Kinyarwanda, lazima kijana wa huko akae katikati, na kule lugha unayoijua ndo watu wanakupimia uko upande gani.

Sheria ya vita nayo haijamfikiria sana. Mikataba ya Geneva ya 1949 imempa daktari alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu, mateka akishtakiwa ana haki ya mkalimani anayeijua kazi, ila mkalimani mwenyewe hana alama yoyote, akiwa raia analindwa kama raia mwengine.

Linaloniuma zaidi ni barua. Marekani ilianza 2006 kuwapa viza maalumu wakalimani wa Iraki na Afghanistan, mwanzo 50 tu kwa mwaka, baadae zikaongezwa, na sharti mojawapo lilikuwa uwe na barua ya mkubwa wako wa kazi kuwa ulitumika vizuri. Agosti 2021 Taliban wameingia Kabul, barua ileile ya kukupandisha ndege wakiikuta nyumbani mwako ndo ushahidi wa kukuulia, wapo walozichoma usiku jikoni, halafu asubuhi mtu yuko getini uwanja wa ndege anaulizwa, karatasi zako ziko wapi?