Valium na dawa za kutuliza wasiwasi: yanayosemwa mitaani na ukweli wake

Diazepamu, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Valium, ilianza kuuzwa mwaka 1963. Kundi lake, benzodiazepini, lina dawa nyingi: lorazepamu (Ativan), alprazolamu (Xanax), klonazepamu (Rivotril), midazolamu, na flunitrazepamu (Rohypnol), ambayo vijana wa Mombasa huiita bugizi. Zote hupita njia moja. Zinaongeza nguvu ya GABA, kemikali ya mwili wenyewe inayopunguza kasi ya seli za ubongo. Ndiyo maana kidonge kilekile kinatuliza hofu, kinaleta usingizi, kinalegeza misuli na kinakata degedege.

“Nimeandikiwa na daktari, kwa hiyo mwili hauwezi kuizoea”

Cheti cha daktari hakibadilishi jinsi ubongo unavyoipokea dawa. Ukimeza kila siku, ubongo hujirekebisha: unapunguza mwitikio wake kwa GABA kwa sababu kidonge kinaifanya kazi hiyo. Dozi iliyokuwa inakulaza inaacha kukulaza, na usipoimeza unajisikia vibaya kuliko ulivyokuwa kabla ya kuanza. Hali hiyo inaweza kuanza ndani ya wiki chache tu, hata kwa mtu anayefuata maelekezo sawasawa. Kwa sababu hiyo, tangu 1988 madaktari wa Uingereza wameelekezwa wasivuke wiki 2 hadi 4. Mwongozo wa WHO wa 2023 umekaza zaidi: dawa hizi hazipendekezwi kuwa tiba ya matatizo ya wasiwasi kwa watu wazima, na pale hofu inapokuwa kali na ya ghafla zinaweza kutumika kwa siku 3 hadi 7 tu.

“Nikitaka kuacha, naacha leo leo”

Hii ndiyo dhana inayotutia hofu kuliko zote. Mtu aliyemeza kwa miezi, akakata ghafla, anaweza kukosa usingizi kabisa, kutetemeka, kutoka jasho na moyo kumwenda mbio. Wengine huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Wengine huanguka kifafa ambacho hawajawahi kuwa nacho maishani, na kifafa hicho kinaweza kuua. Pwani watu wanaijua arosto, yaani mateso ya kuacha, ya heroini. Hii ya vidonge inachukuliwa kirahisi mno.

Muda nao unadanganya. Kwa alprazolamu au lorazepamu, dalili huanza ndani ya siku moja au mbili. Kwa diazepamu zinaweza kuchelewa wiki moja, hata tatu, na mgonjwa akadhani ameshavuka. Zinapokuja, anaona wasiwasi umerudi, anasema “kumbe bado naumwa”, anarudi dukani.

Njia salama ni kupunguza polepole, daktari akiwa anafuatilia. Tuseme mtu anameza diazepamu miligramu 10 kila usiku kwa mwaka mzima. Mpango wa kawaida ni kupunguza miligramu 1 kila wiki 2: 10, kisha 9, kisha 8, mpaka 5. Hapo mwendo unapunguzwa kwa sababu kutoka 2 kwenda 1 ni kukata nusu ya dozi nzima, ingawa kwenye karatasi ni miligramu moja tu. Kuanzia 5 wengi hushuka kwa nusu miligramu kila wiki 2. Jumla ni miezi kama saba, na wapo wanaohitaji zaidi. Vidonge vya miligramu 2 vinarahisisha kazi: kimoja cha 5 na viwili vya 2 ni 9, na cha 2 kikikatwa katikati ni 1. Dalili zikizidi, unabaki kwenye dozi uliyofikia mpaka mwili utulie. Hupandi tena, wala huruki siku ili kufidia. Kumeza leo na kuacha kesho si kupunguza. Kiwango cha dawa hupanda na kushuka, na ubongo haupati nafasi ya kuzoea.

“Kidonge cha nusu miligramu ni kidogo sana”

Miligramu za dawa moja si sawa na za nyingine. Alprazolamu 0.5, au lorazepamu 1, ina nguvu inayokaribia diazepamu 10. Anayebadilishiwa dawa akahesabu vidonge badala ya nguvu yake anaweza kujikuta amemeza mara kumi au ishirini ya alichokusudia.

“Nimelala, asubuhi imeisha mwilini”

Diazepamu huchukua saa 20 hadi 50 kupungua nusu tu, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye kazi ileile inayoweza kukaa siku kadhaa. Ukimeza kila usiku inajilimbikiza. Dereva wa lori au wa bodaboda aliyelala vizuri anaamka na macho mazima, lakini mikono yake inachelewa kwenye breki.

Kwa wazee hali ni nzito zaidi kwa sababu ini lao huisafisha dawa taratibu na ubongo wao huathirika kwa dozi ndogo. Bibi anaamka usiku kwenda msalani, anayumba, anavunjika nyonga. Au anaanza kusahau na kuchanganyikiwa, na familia inasema ni uzee. Kabla ya kusema hivyo, angalieni mfuko wake wa dawa.

“Kidonge na bia mbili hakuna neno”

Diazepamu peke yake, ikizidishwa na mtu mzima mwenye afya, mara nyingi huleta usingizi mzito bila kuua. Mauti huja kwenye mchanganyiko. Pombe, tramadoli ya maumivu, kodeini ya dawa za kikohozi, mofini na heroini nazo hupunguza kasi ya ubongo. Zikikutana na benzodiazepini, pumzi hupungua mpaka ikasimama. Ndivyo ilivyo hatari ya “mchele”, yaani dawa ya usingizi ambayo wezi huitia kwenye vinywaji vya watu baa: kuibiwa ni nusu ya shari.

Kuna na michanganyiko isiyojulikana sana. Ritonaviri, inayopatikana ndani ya baadhi ya ARV, pamoja na ketokonazoli ya vidonge (dawa ya fangasi) na klarithromaisini (antibiotiki), huzuia ini kuvunja alprazolamu na midazolamu, hivyo dozi ya kawaida inakuwa dozi kubwa. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: inaiondoa dawa haraka, na aliyekwisha kuizoea anaweza kuingia arosto bila kupunguza hata kidonge. Mtajie mfamasia dawa zako zote, hata zile unazoona aibu kuzitaja.

“Mfiwa apewe Valium apumzike”

Msibani hili hufanywa kwa huruma kabisa. Lakini WHO, tangu 2013, inashauri benzodiazepini zisitolewe kwa wafiwa wasio na ugonjwa wa akili, wakubwa kwa watoto. Dawa haipunguzi huzuni. Inaweza kufuta kumbukumbu ya saa zile, na mjane akaja kukosa hata taswira ya mazishi ya mumewe. Kuwa na watu, kula na kulia kunamfaa zaidi.

“Ni sumu, isiguswe kabisa”

Hapana. Mtu akitukutika kwa kifafa zaidi ya dakika 5, diazepamu inaokoa maisha. Mtoto hupewa kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 10. Kwenye mshipa wa mtu mzima isisukumwe kwa kasi ya zaidi ya miligramu 5 kwa dakika, maana kuharakisha kunasimamisha pumzi. Sindano ya msuli haifai kwa dharura hii: diazepamu hufyonzwa humo polepole na bila uhakika. Inatumika pia kwa pepopunda, na kwa mlevi wa muda mrefu anayeachishwa pombe.

Kwa mjamzito, matumizi ya miezi ya mwisho yanaweza kumfanya mtoto azaliwe amelegea, ananyonya kwa shida na anapoteza joto. Hata hivyo naye asikate ghafla.

“Aliyezidisha anyweshwe maziwa”

Maziwa hayaizuii dawa, na mtu mwenye usingizi mzito anaweza kuyavuta mapafuni. Usimtapishe. Mlaze ubavu, kichwa kielekezwe nyuma kidogo na mdomo uelekee chini, hesabu pumzi zake, mpeleke hospitali na pakiti ya dawa mkononi. Wakisita kumpa flumazenili, ambayo hupinga benzodiazepini, wana sababu: kwa aliyezoea vidonge inaweza kuamsha kifafa, na nguvu yake huisha baada ya saa moja hivi huku diazepamu ikiwa bado imo mwilini. Kwa hiyo hata akiamka na kuongea, asiruhusiwe kurudi nyumbani mapema.