Ugali umesingiziwa vya kutosha

"Nimeacha ugali usiku, mwezi wa tatu huu, mbona kitambi kiko palepale?" Swali hili limenifika shingoni. Nikiuliza usiku wanakula nini badala ya ugali, majibu ni yaleyale: chapati mbili na maharage, au zege (chipsi mayai), au "juisi tu na matunda". Basi leo tuhesabu, maana bila hesabu tutaulaumu ugali hadi kiama.

Ugali ni unga na maji, basi. Sahani ya mtu mzima mwenye njaa hubeba unga kama gramu 150, sawa na kilokalori 540 hivi, yaani kipimo cha nishati iliyomo kwenye chakula. Sasa chukua chapati mbili za kusukuma. Unga wa ngano gramu 70 kwa kila moja, jumla gramu 140, kilokalori 500. Mpaka hapo hakuna aliyemzidi mwenzake. Halafu yanakuja mafuta: kidogo wakati wa kukanda, ya kupaka kabla ya kukunja, kisha ya kikaangoni, upande huu na upande ule. Chapati laini, ya kuchambuka, hailiwi bila kijiko kimoja na nusu cha mezani. Kijiko kimoja cha mezani kina mafuta gramu 14, yaani kilokalori 120 na ushei. Chapati mbili ni vijiko vitatu, kilokalori 360 za nyongeza. Umeacha 540 ukachukua 860, kisha umelala ukiamini uko kwenye dayati.

Mafuta ndiyo ninayotaka tuyakalie leo, kwa sababu hakuna anayeyahesabu kuwa chakula. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Wanga na protini ni 4, pombe ni 7. Na ni mafuta yoyote: alizeti, mawese, zeituni, samli, ya nazi. Kwa moyo, alizeti ni bora kuliko samli, hilo halina ubishi. Lakini kiuno hakijui jina la mafuta, na mtu aliyehamia alizeti kisha akaanza kumimina bila woga kwa kuwa "haya ni salama" amejiongezea mzigo.

Fanya kipimo hiki nyumbani. Siku unafungua dumu jipya la mafuta ya kula, andika tarehe kwenye dumu kwa kalamu ya wino mzito. Likiisha, hesabu siku. Dumu la lita 5 likiisha kwa siku 30 katika nyumba ya watu watano, kila mtu, hadi mtoto, amepata mililita 33 kwa siku. Hivyo ni vijiko viwili vya mezani na zaidi, karibu kilokalori 270, kabla hujaweka mezani punje ya wali. Punguza yale ya kukaangia yaliyomwagwa, sawa, lakini nyumba nyingi hazimwagi, zinachuja na kurudia. Na hapo hatujagusa chipsi za mchana, sambusa ya saa nne, wala maandazi ya asubuhi, ambavyo mafuta yake yako kwenye karai la mtu mwingine.

Kosa hutokea hapa. Mpishi huweka sufuria kwenye moto mkali, anamimina mafuta kwa kukadiria, anatia kitunguu. Kitunguu kinaanza kuungua pembeni kabla hakijaiva katikati, kwa hiyo anaongeza mafuta ili kisishike. Nyanya inaingia, inakauka, anaongeza tena. Mwisho mchuzi unaelea mafuta na watu wanausifu kuwa umeiva. Sufuria ya watu watano inatosheka na vijiko vitatu vya mezani, vikipimwa kwa kijiko, si kwa mdomo wa dumu. Punguza moto, tia kitunguu na chumvi kidogo ili kitoe maji yake, funika. Kikianza kushika, ongeza vijiko viwili vya maji, usirudi kwenye dumu. Kikilainika, nyanya iingie, ufunike tena mpaka isagike yenyewe. Inachukua dakika kumi zaidi. Wanaoshindwa, wengi wanashindwa kwa haraka ya moto, ladha haina kosa.

Sukari ya kunywa ni ndugu wa mafuta kwa kujificha. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37. Chai: kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4, ila hakuna anayesawazisha. Kilichorundikwa ni gramu 6 au 7, na vijiko viwili vya namna hiyo mara vikombe vitatu ni sawa na soda nzima au zaidi. Juisi ya embe au pasheni ya nyumbani, hata isipotiwa sukari, inahesabiwa pamoja na soda, kwa kuwa umeshalivunja tunda na kuchuja nyuzinyuzi zake. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mlaji wa kilokalori 2,000 ni gramu 25. Ubaya wa kimiminika ni kwamba hakishibishi kama kinachotafunwa. Ukinywa soda na wali, sahani ya wali haipungui. Kwa hiyo anayekula "juisi tu" usiku hajapumzisha tumbo hata kidogo.

Bia nitapita haraka. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina kilokalori 200 hivi, na mwili huchoma pombe kwanza, mafuta ya chakula yanasubiri, yakisubiri yanahifadhiwa. Nne za Ijumaa pamoja na nyama choma na chipsi zinatosha kueleza mengi. Ila wapo walokole na wanaoswali swala tano wenye kitambi cha kufa mtu, kwa hiyo tusiifanye bia kuwa maelezo ya kila tumbo.

Sasa mwili unaotumia hivyo vyote. Mkulima wa jembe la mkono anakula mlima wa ugali kuliko karani wa ofisi za Posta, katikati ya Dar es Salaam, na tumbo lake liko bapa. Karani anatoka Mbezi kabla jua halijachomoza, anakaa kwenye foleni, anakaa ofisini saa nane, chakula cha mchana anatumiwa bodaboda, anarudi akiwa amekaa au amesimama kwa kubanana, nyumbani anakaa mbele ya runinga. Kutoka stendi hadi mlangoni kwake, bajaji. Miguu haijafanya kazi siku nzima. Mwongozo wa 2020 wa Shirika la Afya Duniani unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme lakini uweze kuongea, na siku mbili za kazi ya misuli. Kushuka vituo viwili kabla, kwenda na kurudi, siku tano, kunaweza kuzimaliza zile 150 ikiwa kila kipande ni dakika 15.

Kulala chini na kujikunja kila asubuhi kunakaza misuli iliyo chini ya mafuta, mafuta yenyewe hayasikii. Mwili hauchomi mafuta ya pale panapouma. Mkanda wa tumbo unabana na kutoa jasho, na jasho ni maji. Ndimu na maji ya moto ni kinywaji kizuri asubuhi, hakuna kinachoyeyuka.

Usingizi watu wanaudharau. Mwaka 2022 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha jaribio la watu 12 waliopewa muda wa saa nne tu za kulala kila usiku kwa wiki mbili, wakilinganishwa na vipindi walivyopewa muda wa saa tisa, chakula wakijichagulia. Wakiwa na usingizi mfupi walikula zaidi ya kilokalori 300 za ziada kwa siku, na mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo, yaliongezeka kwa asilimia 11. Watu 12 ni wachache, nakiri. Lakini anayelala saa tano ya usiku na kuamka saa tisa ili awahi gari hana sababu ya kulipuuza. Kuhusu msongo wa mawazo niko mwangalifu zaidi: homoni ya kotisoli husingiziwa kila kitu mitandaoni, na ni vigumu kutenganisha kinachofanywa nayo na kinachofanywa na chipsi za mtu mwenye mawazo.

Na kipimo. Saizi ya suruali si kiuno. Mwanamume anaweza kuvaa 34 miaka kumi huku tumbo likiteremka juu ya mkanda mwaka hadi mwaka. Simama wima, miguu pamoja, papasa ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, utepe wa fundi cherehani upite katikati ya hivyo viwili, uwe sambamba na sakafu, usome baada ya kutoa pumzi ya kawaida bila kuvuta tumbo. Vitabu vinasema hatari inaanza sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Namba hizo zilitoka kwa Wazungu, sisi tumeazimwa, na tafiti za Afrika Kusini zinaonyesha ya wanaume ishuke na ya wanawake ipande. Ndiyo maana mimi hupenda kanuni rahisi: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 abaki chini ya 85. Pima mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla ya chai.

Najua wengine wanaogopa kupungua kwa sababu mtaani wataulizwa wanaumwa nini. Hofu hiyo ina historia yake na siibezi. Lakini mafuta ya ndani hupeleka asidi za mafuta moja kwa moja kwenye ini, na sukari ya damu na shinikizo hupanda polepole bila kuuma.

Jambo la mwisho, la haraka kuliko yote: tumbo lililokua ndani ya wiki chache, likiwa gumu au limejaa maji, huku miguu ikivimba, macho yakiwa manjano au mikono ikikonda, hilo si kitambi. Ini, moyo, figo na uvimbe vyote hujaza tumbo. Kwa mwanamke, pima kwanza ujauzito, kisha uvimbe wa kizazi. Usianze dayati, nenda hospitali wiki hiyohiyo ukapigwe picha ya tumbo.