Konokono Hajivui Gamba

Swali la kama mwarobaini huua konokono limerudi tena, na safari hii limekuja kwa sauti ya lawama: bustani imenyunyiziwa maji ya mwarobaini mara kwa mara, vidukari vimepungua, lakini mboga bado zinaliwa na konokono usiku, kwa hiyo mwarobaini wenyewe lazima uwe hafifu. Si hafifu. Azadiraktini, kemikali iliyomo ndani yake, huvuruga homoni inayomwezesha mdudu kujivua gamba anapokua, ilhali konokono ni moluska, hukua pamoja na gamba lake, wala hana cha kujivua. Uchungu wa mwarobaini huweza kumpunguzia konokono hamu ya jani, lakini kukosa hamu si kufa.

Hapo hujitokeza mjuzi wa kunikumbusha kwamba saponini, kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni, huua konokono. Huua, naam, ila konokono yupi? Mwaka 1964, nchini Ethiopia, mtafiti Aklilu Lemma aliwaona konokono wamekufa mtoni, mahali watu walipokuwa wakifulia nguo kwa matunda ya endodi, na tangu hapo mmea huo umechunguzwa sana kwa ajili ya kuwaangamiza konokono wanaoeneza kichocho. Hao huishi majini, kwa hiyo dawa ikiingia hawana pa kuikwepa. Wa bustanini hukutana na matone yanayokaribia kukauka, hutoa ute mwingi, hurudi ndani ya gamba, na hali ikizidi kuwa mbaya huziba mlango na kungoja mvua. Kipimo kilichoua ndani ya maji hakiwezi kuhamishiwa kwenye jani kana kwamba ni kitu kimoja, na anayemwaga mabaki karibu na bwawa akijitetea kwamba dawa ni ya asili atawaua samaki kwa saponini hizo hizo.

Dawa ya tumbaku siigusi, kwa kuwa nikotini iliyomo hupenya ngozi ya mnyunyizaji.

Kitunguu saumu nakitumia kama kifukuzo, nikirudia kila baada ya mvua, na hata hapo sina uhakika wote ninaoombwa. Majani yakipona wakati udongo umekauka, huenda konokono wamejificha tu. Na nikiacha tuta moja bila dawa ili nilinganishe, huenda wale waliofukuzwa wamehamia huko na kuifanya dawa ionekane bora kuliko ilivyo. Kwa sababu hiyo huwahesabu konokono wenyewe usiku kwa tochi, katika matuta yote, badala ya kuhesabu matundu ya majani.